Mageti, Vyoo na Dakika 15: Viwanja vya Michezo na Huduma kwa Mteja

Kila wiki ya kwanza ya Oktoba ofisi nyingi nchini huadhimisha Wiki ya Huduma kwa Wateja. Fulana mpya huvaliwa, keki hukatwa, wakurugenzi hushuka kaunta kuwasalimia watu. Ni jambo jema. Lakini limesimama juu ya imani kwamba huduma nzuri ni tabasamu na lugha laini, na kwamba mteja akiondoka amenuna basi kuna mtu alimjibu ovyo. Imani hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya tatizo. Ukitaka kuiona sehemu hiyo waziwazi, nenda uwanja wa mpira siku ya mechi kubwa.

Uwanjani wateja hawaji mmoja mmoja. Wanakuja maelfu kwa wakati mmoja, wanashikwa na njaa na haja wote katika zile dakika 15 za mapumziko, kisha filimbi ya mwisho ikilia kila mtu anataka kwenda kwake. Umati wa namna hiyo haukomi kulalamika kwa kuchekewa. Unahudumiwa na hesabu iliyopigwa miezi na miaka kabla haujafika: mageti mangapi, upana gani wa ngazi, vyoo vingapi, nani asimame wapi na ajue nini. Wanaosimamia viwanja duniani wamejifunza hesabu hizo kwa gharama kubwa, mara nyingine kwa roho za watu, na nyingi kati yake zinafaa hospitali, benki, kivuko na stendi ya mabasi kuliko semina yoyote ya lugha nzuri.

Geti moja, watu 660

Januari 2, 1971, mashabiki 66 walikufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox mjini Glasgow wakati wa kutoka mechini. Miaka miwili baadaye Uingereza ilitoa mwongozo wa usalama wa viwanja ambao hadi leo unajulikana kama Green Guide, na umekuwa ukirekebishwa tangu hapo. Ndani yake mna kipimo kimoja ambacho kila mwenye kaunta angepaswa kukijua: geti linalopitisha mtu mmoja mmoja lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa, na uwezo wa uwanja mzima wa kuingiza watu upimwe kwa saa moja.

Watu 660 kwa saa ni mtu mmoja kila sekunde tano na nusu. Muda huo unatosha kuonyesha tiketi na kupita, hautoshi kitu kingine. Sasa chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000. Gawanya 60,000 kwa 660, unapata mageti 91. Hayo ni mageti 91 yaliyo wazi, kila moja likiwa na mtu wake na mashine inayosoma kadi bila kusuasua. Ukifungua nusu yake, saa moja inakuwa mbili. Na mashine ikichukua sekunde 11 badala ya tano na nusu, umefunga nusu ya mageti bila kugusa komeo.

Hapo ndipo ilipo siri ya foleni nyingi tunazozichukia. Hazianzi kwa sababu mhudumu ni mvivu. Zinaanza kwa sababu watu wanaoingia kwa dakika ni wengi kuliko wanaoweza kuhudumiwa kwa dakika, na pengo hilo, hata likiwa dogo, linajilimbikiza. Benki ya mtaani inayohudumia vizuri tarehe 10 inaelemewa tarehe ya mishahara kwa sababu imepanga madirisha yake kwa wastani wa mwezi. Uwanja uliopangwa kwa wastani wa msimu utaua mtu siku ya fainali.

Siku za mechi ya watani, Simba na Yanga, watu huanza kuingia uwanjani tangu asubuhi kwa mchezo wa jioni. Huwa tunasema ni mapenzi ya mpira, na mapenzi yapo kweli. Lakini mimi naona pia kitu kingine: mtu anayefika saa nne asubuhi kwa mechi ya saa kumi na moja jioni hana imani na geti. Anajua akichelewa anaweza kushika tiketi mkononi na bado akaisikiliza mechi nje. Ni sababu ileile inayomwamsha mama mjamzito saa kumi alfajiri kuwahi kliniki inayofunguliwa saa mbili. Saa ambazo mteja anazitoa ili kujihami na utaratibu wako haziingii kwenye ripoti yako yoyote, ila yeye anazihesabu.

Kutoamini huko kuna msingi. Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, msongamano wa watu waliokuwa wakiingia Uwanja wa Mkapa uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine wengi. Mwaka uliotangulia, Januari 24, 2022, watu wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, siku Cameroon ilipocheza na Comoro kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON. Umati ulielekezwa kwenye geti la kusini, na geti likakutwa limefungwa. Rais wa shirikisho la soka Afrika, CAF, Patrice Motsepe, aliuliza hadharani kwa nini geti lile halikuwa wazi.

Nani alaumiwe foleni ikivunjika

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu naamini ndipo taasisi nyingi zinapompoteza mteja moja kwa moja.

Aprili 15, 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, nje ya mageti ya upande wa mashabiki wa Liverpool palikuwa pamejaa kupita kiasi. Polisi wakaamua kufungua geti kubwa la kutokea ili kupunguza shinikizo. Watu wakaingia na kufuata njia waliyoiona mbele yao, handaki lililoelekea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo tayari vilikuwa vimefurika. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu wa kusimama mdomoni mwa handaki aseme, "Jamani, piteni kushoto na kulia." Watu 97 walipoteza maisha.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa na polisi yalikuwa kwamba mashabiki walivunja geti. Ilichukua mpaka mwaka 2016, miaka 27, kwa baraza la mahakama kuamua kwamba waliokufa waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Ungedhani somo limeeleweka. Mei 28, 2022, Liverpool haohao walikwenda Stade de France kwa fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid. Maelfu walikwama kwa muda mrefu kwenye njia finyu chini ya barabara kuu na kwenye mageti yaliyokuwa yakifungwa, wakapigwa na mabomu ya machozi, watoto wakiwemo. Ndani ya uwanja skrini kubwa zikatangaza kuwa mchezo umesogezwa mbele kwa sababu mashabiki wamechelewa kufika. Watu walisoma ujumbe ule kwenye simu zao wakiwa wamesimama nje tangu mchana. Uchunguzi huru ulioagizwa na UEFA yenyewe, shirikisho la soka Ulaya, ulitoka Februari 2023 na kusema mwenye dhamana ya kwanza ni UEFA. Shirikisho hilo likaomba radhi na baadaye likarudisha fedha za tiketi.

Huhitaji uwanja ili kuliona jambo hili. Tembea kwenye ofisi yoyote siku mfumo umekwama, sikiliza kinachosemwa: "Mmekuja wengi mno leo." "Nyie hamsomi matangazo." "Mngekuja mapema." Mteja aliyecheleweshwa anavumilia sana akielezwa ukweli. Kusubiri bila kujua sababu kunachosha kuliko kusubiri kwenyewe, na kusubiri huku unaambiwa kosa ni lako kunakaa moyoni miaka. Uwanja unaoendeshwa vizuri una sentensi zake tayari kabla tatizo halijatokea: nini kimetokea, tunafanya nini, utasikia tena kutoka kwetu saa ngapi. Kuandika sentensi hizo ni kazi ya mchana mmoja.

Wakati mwingine ni kweli wapo wanaovunja utaratibu. Kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, watu wasio na tiketi walilazimisha kuingia Kasarani jijini Nairobi, na CAF ikapunguza watazamaji wa uwanja ule hadi 27,000 na kutaka tiketi za kielektroniki tupu. Lakini angalia adhabu ilipotua. Maelfu ya watu waliokuwa tayari kulipa na kukaa kwenye viti vyao walikosa nafasi. Kudhibiti wachache ni sehemu ya kumhudumia yule aliyenunua tiketi yake kihalali.

Choo ni huduma

Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa Hillsborough, alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990. Wengi wanaikumbuka kwa pendekezo la viti badala ya watu kusimama. Mimi kilichonigusa zaidi ni kurasa zake kuhusu hali ya viwanja vya wakati ule: vyoo vibovu, chakula duni, watu kujisaidia ukutani. Jaji aliona kwamba mazingira machafu hushusha mwenendo wa watu wenyewe. Ukimweka mtu kwenye kizimba, ukamnyima choo na ukamwuzia chakula kibaya kwa bei kubwa, umeshamwambia unamwonaje.

Uwanja mpya wa Wembley jijini London ulipofunguliwa mwaka 2007 ulikuwa na vyoo 2,618 kwa viti 90,000, yaani choo kimoja kwa watu kama 34. Uwanja wa kikapu wa Intuit Dome, uliofunguliwa karibu na Los Angeles mwaka 2024, umekwenda mbali zaidi. Mmiliki wake, Steve Ballmer, aliyewahi kuongoza Microsoft, alisisitiza vyoo kuliko kitu kingine chochote, na uwanja wenye nafasi 18,000 hivi una vyoo zaidi ya 1,100. Choo kimoja kwa watu 16. Sababu yake ilikuwa wazi: alitaka watu wawe kwenye viti wakishangilia, sio kwenye foleni.

Hapa pana kosa linalofanywa hata na wasanifu wenye nia njema. Wanajenga chumba cha wanaume na cha wanawake vyenye ukubwa sawa, wanaona wametenda haki. Lakini sehemu za haja ndogo za wanaume zinabanana, kwa hiyo chumba kilekile kinahudumia wanaume wengi zaidi kwa mara moja. Na mwanamke kwa wastani anahitaji muda mrefu zaidi: kuna nguo, kuna siku zake, mara nyingi kuna mtoto amemshika mkono. Matokeo yake dakika 15 zinaisha mwanamke yuko bado mlangoni. Viwanja vyetu vina mashabiki wengi wa kike siku hizi, na sehemu hii haijawafikia.

Bei isiyohitaji chenji

Kwenye biashara ya chakula viwanjani, mazoea ya dunia nzima yalikuwa kumkamua mtu aliyefungiwa ndani. Huwezi kutoka kununua maji kwingine, basi maji yanauzwa mara tatu ya bei ya dukani. Arthur Blank, mmiliki wa Atlanta Falcons, timu ya futiboli ya Kimarekani, na mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, aliyageuza mazoea hayo mwaka 2017 alipofungua Mercedes-Benz Stadium. Soda ya kujazia upya bila kulipa tena, dola 2. Maji, dola 2. Mkate wa soseji, dola 2. Kwa jumla bei ziliwekwa karibu nusu ya zile za uwanja wao wa zamani. Mwisho wa msimu wa kwanza, matumizi ya kila shabiki yalikuwa yamepanda kwa asilimia 16. Baadaye wakashusha tena baadhi ya bei, mkate wa soseji ukawa dola moja na nusu.

Wengi huisimulia habari hii kama habari ya ukarimu, na hapo wanakosa nusu yake. Bei zile zilikuwa namba kamili, kodi ikiwa ndani. Muuzaji hakutafuta sarafu. Mashine za soda ziliwekwa nje ya kaunta, mtu anachukua kikombe na kujijazia mwenyewe. Muuzaji anayetumia sekunde 45 kwa mteja mmoja atahudumia watu 20 katika mapumziko ya dakika 15. Mpunguzie hadi sekunde 30, atahudumia 30. Umeongeza nusu ya mauzo bila kuajiri mtu, na wale kumi wa ziada hawakurudi kwenye viti vyao na kiu.

Sasa mfikirie muuza maji na chipsi kwenye tamasha lolote hapa kwetu. Bei ni 1,700. Mteja anatoa noti ya 5,000. "Huna ndogo?" Hana. Muuzaji anageukia jirani yake kuomba chenji, jirani naye anahesabu zake, foleni nzima inasubiri. Bei ya 1,500 au 2,000 ingepunguza hangaiko la chenji. Senti chache zinazopotea kwenye bei zinarudi kwenye idadi.

Malipo ya kadi yanasaidia pia, na Dar es Salaam tumeshazoea N-Card getini. Atlanta waliacha kupokea fedha taslimu mwaka 2019, lakini waliweka mashine zinazogeuza fedha taslimu kuwa kadi bila makato, kwa ajili ya mtu aliyekuja na noti mfukoni. Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye kila mfumo mpya: yule ambaye haujamfikiria atafanya nini? Na mtandao ukikatika saa tisa alasiri watu 20,000 wakiwa nje, utaratibu wa pili ni upi? Kama jibu ni kusubiri mtandao urudi, basi utaratibu wa pili haupo.

Mtu wa njia panda

Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 walitumika watu wa kujitolea wapatao 70,000. Wengi wao hawakuwa wataalamu wa kitu chochote kikubwa. Kazi ya baadhi yao ilikuwa kusimama mahali ambapo mgeni husita, pale njia zinapogawanyika, na kujua mambo machache ya mahali pale: jukwaa fulani ni huku, choo ni kule, treni ya karibu ni ile. Linganisha na mlinzi tuliyemzoea, aliyeletwa asubuhi na kampuni ya ulinzi, hajawahi kuingia ndani ya uwanja ule, na kila akiulizwa geti la tiketi yako liko wapi anakuonyesha upande wa mbali ili uondoke mbele yake. Hana kosa. Hakuna aliyemzungusha uwanja kabla ya kumpa fulana. Nusu saa ya kumtembeza ingetosha, na ingetosha vilevile kwa mlinzi wa geti la hospitali, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuulizwa na mgonjwa na wa mwisho kuitwa kwenye mafunzo.

Kwa baadhi ya wateja kusita kwenyewe ni kukubwa zaidi. Mwaka 2015 klabu ya Sunderland ilifungua chumba tulivu chenye dirisha kubwa la kutazamia uwanja, kwa ajili ya watoto wenye usonji ambao kelele za jukwaani zinawaumiza, na klabu nyingine nyingi zikafuata. Wazazi waliokuwa wanabaki nyumbani wakaweza kuja.

Kutoka

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha kwamba mtu akikumbuka jambo alilopitia, hajumlishi dakika zote. Kinachombakia zaidi ni kile kilele, kizuri au kibaya, na namna lilivyokwisha. Kilele cha uwanjani ni goli, na hilo mwenye uwanja hana mamlaka nalo. Mwisho anao mkononi.

Green Guide inataka watazamaji waweze kutoka majukwaani ndani ya dakika 8. Kwenye ngazi, inakadiria kuwa kila mita moja ya upana hupitisha watu 66 kwa dakika. Ngazi ya mita 2 basi inatoa watu 132 kwa dakika, kama 1,050 kwa dakika 8. Jukwaa la watu 5,000 linahitaji ngazi tano za namna hiyo, na zote ziwe wazi, pasiwe na muuza karanga aliyeegesha deli lake katikati wala lango lililofungwa nusu na mnyororo.

Nje ya lango kazi haijaisha. Wembley, umati unaoelekea kituo cha treni husimamishwa kwa mafungu barabarani na wahudumu wenye vibao vya simama na nenda, ili kituo kisifurike. Watu wanasubiri, lakini wanaona kibao, wanaona fungu la mbele likienda, wanajua zamu yao inakuja. Kwetu mechi ya usiku ikiisha, barabara ya Mandela inajaa bodaboda zilizopandisha nauli, daladala chache, na familia zinazotembea gizani kutafuta kituo.

AFCON ya mwaka 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Uwanja wa Arusha umepangwa kubeba watu 30,000. Kwa kipimo kilekile cha 660, hayo ni mageti 46 yaliyo wazi kwa saa moja, yenye watu waliofundishwa na mashine zilizojaribiwa kwenye mechi ndogo kwanza. Na filimbi ikilia usiku, watu 30,000 watataka kufika Kaloleni, Njiro, Usa River na Moshi kwa wakati mmoja. Idadi ya mabasi, mahali pa kuegesha, taa za njia ya miguu na nauli ya usiku havimo kwenye mchoro wa uwanja. Viko mezani kwa halmashauri, askari wa usalama barabarani na wenye magari, na mazungumzo yao hayawezi kungoja wiki ya ufunguzi.